Miguu ya Mahmudu

Tororo,
2 Januari 1975

Luke Obbo,

Sikusalimu. Salamu ni za mtu aliyeaga, na wewe hukuaga.

Anayekuletea barua hii ni Hajarah wa vitunguu. Anavuka Busia kila baada ya siku mbili tatu na askari wamemzoea, hata magunia yake hawayapekui tena. Ameniambia amekuona upande wa Kenya, umekaa kibandani unaziba pancha za baiskeli, na umenenepa. Nimefurahi kusikia umenenepa, maana huku sisi tunakonda.

Nakuandikia kilichotokea baada ya wewe kukimbia. Kama hujui, ujue. Kama unajua, kisome tena kikuume. Siku tatu baada ya Krismasi Kapteni alikuja gerejini kwa baba na lori zima la askari. Alikutaka wewe. Alisimama mbele ya ukuta wetu akazitazama zile mbao ulizozikaza kwa bolti toka chini hadi kwenye boriti, akauliza, "Huyu mtu ya kupanda ukuta iko wapi?" Baba akajibu hajui, na alisema kweli, kwa sababu hukumwambia hata yeye, mzee aliyekupa ukuta mzima wa nyuma ya gereji ili vijana wajifunze kupanda ndani badala ya kuzurura barabarani wakakamatwa. Kapteni akasema, "Basi ile ingine. Ile kijana yako Mahmudu. Yeye nakwenda panda jiwe."

Tarehe ishirini na tano, sikukuu ya jeshi, kaka yangu atapanda Mwamba wa Tororo. Si kwa ngazi za nyuma. Atapanda uso ule unaotazama mjini, hadi kwenye bega, urefu wa nguzo tatu za simu, akatundike kitambaa cha sherehe, na watu wote wataletwa watazame. Baba aliomba apewe kamba. Kapteni akasema shujaa hafungwi kama mbuzi. Mahmudu akikataa, ataondoka na lile lori, na wewe unajua wanaoondoka na lile lori hawarudi kusimulia safari.

Mahmudu, Luke! Unamjua mwenyewe. Mikono ya mtu aliyepakia saruji miaka sita, anajivuta ukutani kama anataka kuung'oa, akifika nusu mikono imekwisha na miguu inaning'inia tu. Hapa gerejini akianguka anaangukia magunia ya pamba. Kule ataangukia nini?

Sasa niambie. Nani alimpa Kapteni jina la Mahmudu? Uliitwa kambini mara mbili kabla hujatoroka. Ulisema nini huko? Ulipoinusuru ngozi yako ulimuuza nani?

Rudi. Kazi hii waliitaka kwako. Njoo uifanye, au njoo useme mbele ya baba kwamba huitaki.

Mastula binti Mutwalibu


Busia, upande wa Kenya,
5 Januari 1975

Mastula,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu, na ndani yake nimekuta pilipili.

Sikuaga kwa sababu anayejua hupigwa mpaka aseme. Baba yako alisema "sijui" na ikawa kweli, ndiyo maana bado ana meno. Nishukuru au usinishukuru, lakini usiniambie mimi habari za lori. Nimeliona kwa karibu kuliko wewe.

Kurudi siwezi. Pale kwenye kizuizi cha mpakani wana jina langu kwenye karatasi, na askari wawili wa zamu walikuja kujaribu ukuta wetu mwaka juzi, wananijua sura mpaka makovu. Nikikanyaga upande ule nimekufa, na Mahmudu atapanda vilevile. Haiwezekani, Mastula. Usiniombe tena lisilowezekana. La jina sijibu. Fikiri utakalo.

Zimebaki siku ishirini, na ndizo nitakazokupa. Mimi niliupanda uso ule mara mbili, wakati ule nilipokuwa nikifanya kazi na wapimaji wa milima ya Osukuru, tukiwa na kamba. Hauhitaji mikono kama ya Mahmudu. Mwambie aanze kwa kuisahau mikono yake. Mkono kazi yake ni kumweka mtu asipinduke, anayebeba mzigo ni mguu. Hakuna anayepanda ngazi ya dari kwa kujivuta.

Avae raba zinazombana, si zile za kupumzikia. Akanyage kwa ncha, pale penye kidole gumba. Anayekanyaga kwa katikati ya wayo amejifunga mwenyewe, hawezi kugeuza mguu wala kujinyoosha. Na macho! Mahmudu hutazama juu mguu ukiwa bado njiani, kisha anashangaa kwa nini umeteleza. Autazame mguu mpaka utue na utulie, ndipo ainue macho.

Zoezi ni moja tu kwa wiki hii. Apande bila sauti. Wewe kaa chini umempa mgongo. Ukisikia mguu umegonga ubao au umekwaruza, arudi chini aanze upya, hata kama alibakiza hatua moja. Usimwonee huruma.

Luke


Tororo,
9 Januari 1975

Luke,

Niliomba mtu, umenitumia miguu.

Lakini nimeifanya kazi yako, kwa kuwa mwenye kazi amekaa kibandani. Siku ya kwanza nilimrudisha chini mara thelathini na moja. Mara ya ishirini alinitukana. Mara ya thelathini hakuwa na nguvu ya kutukana, akapanda polepole kwa sababu ya kuchoka, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nisisikie kitu mpaka alipofika katikati ya ukuta. Nilikaribia kufurahi. Kisha nikakumbuka ni kwa ajili ya nini, nikatamani nikutupie nyundo toka hapa mpaka Busia.

Kumwonyesha inabidi nipande mwenyewe. Baba anafunga milango miwili na komeo, nami navaa suruali ya Mahmudu chini ya gauni langu la busuti kama tulivyozoea. Juzi Mama Abbo wa jirani amepelekwa mahakamani kwa sababu bintiye alivaa suruali, ambayo wanawake wamepigwa marufuku, na binti mwenyewe hakuwa hata barabarani, alikuwa anaanua nguo uani. Kwa hiyo ujue kila ninapomwonyesha kaka yangu mahali pa kuweka kidole gumba, baba anasimama mlangoni na tasbihi, jasho linamtoka.

Mahmudu bado anajipaka vumbi la saruji viganjani ili jasho likauke. Nimemkataza. Saruji ikikutana na jasho inakula ngozi, vidole vyake sasa ni vyekundu kama nyama ya buchani. Anasema heri ngozi kuliko kuteleza. Naye pia ana hasira, lakini haisemi, anaitia mikononi, na ndiyo maana anavuta.

Tena nijibu hili. Ukuta wetu umesimama wima na una mbao zako. Mwamba una tumbo, mahali pale juu ambapo hakuna cha kushika wala cha kukanyaga, nimekwenda kuutazama kwa chini. Mbao zako zitakuwa pale?

Na hukukana. Nimeona. Mtu asiye na hatia angekana.

Mastula


Busia,
12 Januari 1975

Mastula,

Tumbo la mwamba linapandwa hivi. Nyuma ya gereji kuna lile tuta la saruji ambalo baba yako anapandishia malori ili ayakague chini. Limelala, halina pa kushika, na ni gumu kama jiwe. Mwondoe Mahmudu ukutani, mpeleke pale. Mpe yai bichi kila mkono. Ndiyo, yai. Apande na kushuka tuta lile akiwa ameyashika mayai, na akilivunja moja, mama yenu amfokee yeye na si mimi. Mwenye yai mkononi hana njia ya kung'ang'ania kitu, ataisikia miguu yake kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Pale penye mlalo asijibane na jiwe. Hofu itamwambia alikumbatie, na akilikumbatia miguu inamtoroka. Kisigino kishuke, makalio yatoke nyuma, uzito wote ushukie kwenye wayo, raba ilambe jiwe. Hatua ziwe fupi, fupi kuliko anavyopenda. Penye wima ni kinyume chake: nyonga ikaribie ukuta, ageuke ubavu kama mtu anayepita katikati ya malori mawili, mkono unyooke bila kukunjwa, na mguu usio na kazi auning'inize upande wa pili umsawazishe, kama mkia wa tumbili. Wewe hayo yote unayafanya bila kufikiri. Nilikufundisha mwezi mmoja, ukanipita.

Sasa la jina. Nilisema sijibu, lakini umenichokonoa vya kutosha.

Mara ya pili niliyoitwa kambini, Kapteni aliniuliza ni nani aliyeweka ile alama ya rangi nyekundu juu kabisa chini ya boriti, mahali nilipowaambia wote kwamba atakayefika ataweka alama yake. Nikamwambia ni mimi. Akacheka. Akasema, "Wewe nadanganya. Makuli yote nasema ni Mahmudu." Jina alikuwa nalo kabla sijafungua mdomo. Makuli wa saruji walilipata kwa mwenzao Okurut, na Okurut alilipata wapi? Kumbuka. Uliteremka na rangi mbichi kidoleni, umevaa suruali, Okurut akagonga mlango anataka spana. Ulijitupia busuti juu juu ukamwambia, "Mahmudu amefika juu leo." Nami nikaitikia. Mahmudu mwenyewe akaitikia. Tangu siku ile nimemsifu Mahmudu mbele ya kila aliyeingia gerejini, ili asitokee wa kuuliza nani mwingine hupanda milango ikifungwa. Miezi minane, Mastula. Tulifanya vizuri mno, mji mzima ukatuamini.

Hakuna aliyeifikia ile alama isipokuwa wewe. Kapteni anamtaka mtu aliye ndani ya busuti lako na hajui.

Niliacha unichukie kwa sababu niliona ni afadhali unichukie mimi kuliko ujichukie mwenyewe. Sasa umenilazimisha. Haya, sote wawili tuna hasira, endelea na mayai.

Luke


Tororo,
18 Januari 1975

Luke,

Nimekaa siku tano sikuandika.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, ila hawakusema kwamba kifo kinaweza kupita mlangoni kwa aliyeficha kikaingia kwa jirani. Nilikuona wewe mbaya kwa sababu nilikuwa na haja ya kumwona mtu mbaya. Hili nakuandikia mara moja na sitalirudia, kwa hiyo usilisubiri kwenye barua nyingine.

Nilimwendea Mahmudu nikamwambia kwamba ni mimi niliyemponza. Alikuwa amekaa kwenye tairi anakula wali. Akacheka. Akasema, "Sasa ndiyo umejua leo?" Kumbe alijua tangu dakika ile Kapteni alipotaja jina lake. Wiki mbili ananitazama nikikutukana wewe kwenye karatasi, hasemi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema angesema ningekwenda kambini kujitaja.

Na ni kweli, nilitaka kwenda. Nilikwisha kuvaa viatu. Alisimama mlangoni akaujaza. "Utasema nini? Kwamba wewe mwanamke unavaa suruali na kwamba umeidanganya Serikali? Watakuchukua wewe na mimi watanipandisha vilevile." Nilimpiga kifuani kwa ngumi. Hakusogea. Kaka yangu hajui kupanda ukuta lakini kusimama mahali anajua.

Mayai: siku ya kwanza kumi na moja yalipasuka na mama hakusema nasi mpaka magharibi. Jana hakuvunja hata moja. Amepanda tuta mara arobaini mikono ikiwa juu kama mtu aliyekamatwa. Ukutani nimekaa nimempa mgongo mpaka nikadhani ametoka nje, kumbe alikuwa amefika kwenye boriti. Ameigusa ile alama yangu, Luke. Alipoteremka hakufurahi. Alisema, "Ningefika mwezi Mei tusingekuwa na haja ya kudanganya."

Sasa balaa jipya. Kapteni ametuma buti. Buti nyeusi za jeshi, namba ya Mahmudu, mpya. Amesema anayepandia jeshi huvaa buti ya jeshi. Siku zote tumefundisha raba. Niambie la kufanya, na uniambie upesi.

Mastula


Busia,
21 Januari 1975

Mastula,

Nimeisoma, na kwa yale ya juu nakufahamu.

Buti. Soli yake ni ngumu. Penye ukingo wa jiwe itasimama hata kuliko raba, kwa hiyo sehemu ya chini, nguzo mbili za kwanza, apande nazo asiogope. Kuna nyufa na kingo, akanyage kwa ncha vilevile kama alivyozoea, atazame mpaka itue. Lakini pale penye tumbo buti ni kifo. Haina kulamba, itateleza kama sabuni. Kabla ya tumbo kuna kidaraja cha kusimama miguu miwili, upana wa tofali. Hapo avue. Kamba za buti zifungwe fundo la kuvuta mara moja, na aziweke shingoni. Miguu mitupu ni bora kuliko buti, na ngozi ya nyayo zake ni nene. Mpeleke tutani leo na kesho akiwa pekupeku.

Akifika kwenye kidaraja na akaogopa kuvua kwa sababu ya Kapteni, akumbuke Kapteni yuko chini na yeye yuko juu.

Na wewe. Simama nyuma ya watu. Usiongee. Hata ukimwona anakosea, hata ukimwona anatetemeka, funga mdomo wako. Watu wa mji huu wanaamini kwamba ni yeye. Ukifungua mdomo mara moja tu, miezi minane yote imekwisha. Mahmudu nimemfundisha kwa karatasi, nimefanya niliyoweza. Wewe siwezi kukufundisha kufika tena nyumbani ukishachukuliwa.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Luke


Tororo,
27 Januari 1975

Mwalimu Luke,

Ni mimi, Mahmudu. Mwandiko ni mbaya, vidole bado havijapona.

Nilipanda. Nakueleza kwa sababu utataka kujua, na kwa sababu hakuna mwingine wa kukueleza.

Asubuhi ya Jumamosi Kapteni mwenyewe alinifunga kamba za buti, fundo juu ya fundo. Akaniambia, "Buti ya Serikali haivuliwi mbele ya watu." Watu walikuwa wengi, walioletwa na malori toka vijiji vya Molo na Osukuru na watoto wa shule wenye bendera. Kapteni alikaa kwenye kiti cha mikono mbele kabisa.

Nguzo mbili za kwanza nilipanda vizuri. Nasema kweli, Mwalimu, vizuri. Sikusikia hata buti zangu. Nilifika kwenye kidaraja, nikasimama, nikatazama zile kamba zilivyofungwa, nikasikia sauti ya Kapteni kichwani. Sikuvua. Niliingia kwenye tumbo na buti, na kwa sababu buti hazikushika nikarudi kwenye mikono kama zamani. Nikavuta. Hakuna cha kuvuta pale. Vidole vilifunguka damu ikatoka, mguu wa kushoto ukateleza, nikabaki nimelala juu ya jiwe nimelikumbatia. Nilianza kusoma shahada.

Ndipo nikamsikia. Mastula hakuwa nyuma ya watu. Alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Mahmudu! Usivute! Rudisha mguu wa kulia chini, shibri moja, kidaraja kiko pale! Kidole gumba!" Nilirudisha. Kilikuwepo. "Vua buti! Vua!" Nikajikunja, nikayakata mafundo kwa meno, buti moja nikaweza kuishika na nyingine ikaniponyoka. Ilianguka hatua mbili kutoka kwenye kiti cha Kapteni. Watu walicheka kidogo, kisha hakuna aliyecheka tena.

Alinipandisha kwa mdomo. Hatua kwa hatua. "Toa makalio! Kisigino chini! Fupi, kaka, fupi! Tazama mguu!" Mimi sikufikiri kitu, nilifanya lililosemwa, na jiwe lilinishika. Nilifika kwenye bega, nikakitundika kile kitambaa, sijui hata kama nilikitundika sawa. Kutoka kule juu nilimwona katikati ya uwanja na kitambaa cha kichwa kimemwanguka, na watu wamemwachia nafasi pande zote. Kapteni alikuwa amegeuza kiti chake. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama yeye.

Niliteremka kwa ngazi za nyuma nikikimbia, lakini nilipozunguka alikwisha kupandishwa lori. Baba alikuwa ameshika mlango wa nyuma wa lori na walimburuta nao mpaka barabarani. Amevunjika nyonga.

Jana nilikwenda kambini. Kapteni alinikaribisha chai. Akasema, "Dada yako najua kazi. Lakini yeye nasema mwalimu ni ile Luke Obbo. Mimi nataka askari zangu napanda kama nyinyi. Leta Luke Obbo, chukua dada yako. Ijumaa, saa nne. Ikipita Ijumaa, mimi sijui." Nilimwuliza kama yuko salama. Akasema, "Leo iko salama."

Sikuandikii ili uje. Ulishasema haiwezekani, na mimi najua kizuizini wana jina lako. Nakuandikia kwa sababu nimefikiri usiku na mchana na sijui tena mlango mwingine wa kugonga. Kama unamjua mtu yeyote upande huo, padri, mkubwa, mfanyabiashara mwenye jamaa kambini, mwombe kwa ajili yetu.

Nina hasira na ninyi wawili. Mlinisifu kwa kazi yake, na mimi sifa zile nilizila, siwezi kusema sikuonja utamu wake. Lakini yeye hasira yangu sina pa kumpelekea.

Mahmudu


Busia,
29 Januari 1975

Mahmudu, ndugu yangu,

Nakuja. Mwambie Kapteni asimguse, Luke Obbo anakuja Ijumaa kabla ya saa nne, kwa miguu yake, bila kukamatwa. Mwambie nitawafundisha askari wake wote, mmoja mmoja, miaka kama anataka miaka. Ila kwanza atoke Mastula, nimwone kwa macho yangu akitoka langoni, ndipo niingie.

Usinifuate kizuizini, sipiti pale. Nitavuka Mto Malaba kwenye kivuko cha ng'ombe chini ya matete, alfajiri, halafu kwa baiskeli hadi Molo kwa mama yangu Awor, nimwage, na kutoka pale ni mwendo mfupi kwenu. Njia ni nzuri, nimeipita mara tatu tangu Krismasi sijaona hata askari mmoja.

Nilimwambia asiongee. Nilimwomba. Kwa nini hukumweka nyumbani, Mahmudu? Kwa nini hukumfungia ndani? Hapana, usijibu, najua hafungiki. Sijalala tangu Hajarah anipe barua yako. Kibanda nimempa mtu. Mpe pole baba. Kama utaweza kumfikishia Mastula neno lolote, mwambie kwamba nakuja, hilo tu.

Luke


Tororo,
30 Januari 1975

Luke,

Barua yako imefika leo adhuhuri. Hajarah amekaa hapa anasubiri nimalize.

Umeandika mengi ya uchungu na naamini ni ya kweli, lakini mimi nimeona mstari mmoja tu. Mara tatu tangu Krismasi. Mama yako yuko Molo, na Molo ni asubuhi moja kwa baiskeli kutoka kwenye ukuta wetu. Kwa hiyo siku ambazo nilikuwa nikipanda tuta na mayai mikononi, siku ambazo baba alikuwa amesimama mlangoni na tasbihi yake, kuna siku wewe ulikuwa huku huku umekaa kwa mama yako unakunywa chai. Ungeweza kuja ukanishika kisigino kwa mkono wako, ukaniambia, hapa. Ungekuja mara moja tu, ningejua kuvua buti, na dada yangu asingefungua mdomo.

Sikulaumu kwa kumpenda. Nilijua kabla yenu nyinyi wawili. Sikulaumu kwa kuogopa pia. Mimi niliogopa mpaka nikajikojolea pale tumboni pa mwamba, na mji mzima ulikuwa chini unatazama. Nakulaumu kwa neno moja, haiwezekani. Mastula alilisoma mbele yangu na nikaliamini. Nilimwambia asikutukane tena, kwamba mtu hadaiwi kisichowezekana. Nilipanda jiwe lile nikiamini kwamba duniani hakuna mwingine anayeweza kuja, na kwa hiyo lazima niwe mimi, na jambo hilo lilinipa nguvu. Kumbe lilikuwa linawezekana tangu mwanzo. Lilikuwa halijawezekana kwa ajili yangu.

Kapteni nimemwambia. Amekubali, kwanza atoke yeye ndipo uingie. Nitakuwa langoni saa tatu na nusu. Akitoka nitamchukua nyumbani kwa baba, na sitageuka nyuma kukuaga, usingoje.

Njoo, Luke. Njia unaijua.

Mahmudu wa Mutwalibu